Nani alikuwa anajua mtoto yuko wapi?

Ndugu zangu, poleni kwa ukimya. Mwezi mzima sijaandika kitu hapa. Sikuwa mgonjwa wala sijafukuzwa kazi, ingawa mhariri wangu hulifikiria hilo la pili kila ninapochelewesha habari. Nilikuwa nyumbani Tukuyu, kwenye kikao cha familia ambacho sikukipenda hata kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu alikuwa anasoma chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Oktoba akadisko. Mitihani ya mwaka wa kwanza haikwenda vizuri, ya marudio nayo ikakataa, jina likatoka kwenye orodha. Hakumwambia mtu. Baba akatuma ada ya mwaka wa pili, hela ya majani ya chai na kiduka chake, dogo akaipokea na kushukuru. Mama akawa anampigia kila siku saa mbili usiku. Umekula? Nimekula. Unasoma? Nasoma. Na kweli alikuwa anasoma, ila alichokuwa anasoma ni bei kwenye maboksi ya Kariakoo. Alishakuwa winga kule, anavuta wateja mtaani anawapeleka dukani, anapata chake kwa kila mzigo.

Wazazi wamekuja kujua mwezi wa sita. Miezi minane imepita. Mimi nilijua tangu Januari, nikanyamaza. Hilo nitalirudia baadaye, maana hata sasa linanikaa vibaya.

Kikaoni mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mimi naongea naye kila siku. Kila siku! Imekuwaje nisijue?" Baba mdogo akamjibu kama baba wadogo wanavyojibu duniani kote. Akasema zamani mzazi alimjua mtoto wake, alijua analala wapi, anakula nini, anatembea na nani. Vijana wa sasa wameharibiwa na simu na mji. Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Wote isipokuwa babu. Yeye alikuwa anacheka chini chini, mkono mdomoni, kama mtu aliyesikia jambo la kuchekesha msibani.

Jioni nilimfuata uani nikamuuliza alikuwa anacheka nini. Akasema, "Huyo baba yako mdogo hajui anachosema. Mimi nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikuwa hajui nimelala kibanda gani. Na hakutakiwa kujua."

Hapo ndipo ile shahada yangu ya historia, ambayo baba huiita shahada ya hadithi, ikaniwasha.

Wanyakyusa walikuwa na utaratibu ambao watafiti wa dunia nzima waliushangaa. Wavulana waliondoka nyumbani kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakaenda kujenga kijiji chao wenyewe pembeni ya kijiji cha baba zao. Si bweni wala kambi ya wiki mbili, ni kijiji. Vibanda walijenga kwa mikono yao, vibaya vibaya mwanzoni, wakalala humo wawili watatu. Wadogo zao walipofikisha umri wakajiunga nao, mpaka kijiji kikajaa na hao wadogo zaidi wakaambiwa wakaanzishe chao. Wenyewe waliendelea kukaa pamoja mpaka wakaoa, wakaleta wake hapo hapo, wakazeeka pamoja. Jirani yako wa uzeeni alikuwa yule yule uliyechunga naye ng'ombe ukiwa na miaka saba.

Aliyeliandika hili kwa kina ni Monica Wilson, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Afrika Kusini. Yeye na mumewe Godfrey waliishi Rungwe kwa vipindi kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki 1944, Monica akabaki na madaftari ya wote wawili, na mwaka 1951 akatoa kitabu, Good Company. Jina hilo alilitoa kwenye neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkazungumza, mkafurahiana. Kwa Wanyakyusa aliowakuta, akili na adabu mtu alizipata kwa kukaa na wa rika lake. Mtoto anayeng'ang'ania nyumbani kwa mama alionekana ana kasoro, atakua bila kujua kuishi na watu.

Kwa nini waliwatoa? Sababu kubwa aliyoandika Wilson ni heshima kuhusu mambo ya chumbani. Mvulana anayekua hakutakiwa kulala mahali ambapo atasikia au kuhisi mambo ya baba na mama yake usiku. Na kinyume chake pia, mambo ya kijana hayakutakiwa kuwa karibu na baba. Ukienda mbele zaidi, mke wa kijana alipaswa kumkwepa kabisa baba mkwe, asikutane naye uso kwa uso. Sasa mkikaa nyumba moja mtakwepana vipi? Kwa hiyo kutokujua kwa mzazi hakukuwa uzembe. Ilikuwa ni sheria. Kuna mambo ya mwanao ambayo kuyajua ni aibu yako wewe.

Nawaomba msome sentensi hiyo mara mbili, halafu mumfikirie baba mdogo na "zamani mzazi alijua".

Lakini kuna jambo dogo kwenye kitabu kile ambalo nililiruka nilipokisoma chuoni, na babu ndiye aliyenirudisha kwake. Wavulana wale walilala kwao, ila hawakupika. Mchana walikwenda kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao. Na hawakwenda kila mmoja kwake. Walikwenda kwa kundi. Leo kundi lote linakula kwa mama wa huyu, kesho linakula kwa mama wa yule. Babu anasema mama yake alikuwa akipika mbalaga, zile ndizi zetu, anapika bila kujua watakuja wangapi, na mwanamke ambaye kundi halikanyagi kwake alisemwa kijiji kizima.

Sasa piga hesabu kidogo. Mama mmoja huenda hajui mwanawe amelala kibanda gani. Lakini kila baada ya siku chache wavulana wote wa kijiji wanakaa mbele yake, wanakula. Anaona nani amekonda. Anaona nani leo hayupo, na wenzake wanaangaliana kwa nini akiulizwa. Anaona nani ana jeraha, nani kanyamaza, nani kaanza kuvaa vizuri ghafla. Na mama wa pili ataona hayo hayo kesho, na wa tatu keshokutwa. Halafu wanakutana mtoni.

Babu aliniambia kwamba akiwa mkubwa kidogo aliwahi kuiba ndizi mbivu za mzee mmoja na akadhani mambo yameisha. Baba yake hakumwambia neno hata siku moja. Aliyemwambia ni mama wa rafiki yake, mbele ya sahani, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wewe leo kula kidogo, ndizi za mzee bado ziko tumboni." Wenzake wakacheka mpaka wakapaliwa. Miaka zaidi ya sabini imepita na bado anaikumbuka ile sauti.

Nisije nikawapamba babu zangu kupita kiasi. Kijiji kile kilikuwa cha wavulana. Wasichana hawakuwa na kijiji, walichumbiwa wakiwa wadogo sana, wakaenda kwa waume zao karibu na kuvunja ungo, na huyo mume mara nyingi alikuwa mtu mzima. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, kwa hiyo uhuru wote wa kijana kulala anakotaka uliishia pale alipotaka kuoa. Ukimkosea mzee sana, utazeeka na rika lako bila mke. Mzee hakuhitaji kujua unafanya nini kila siku. Alikuwa ameshika zizi.

Na msidhani ni Wanyakyusa peke yao. Kwa Wajaluo, wa Nyanza na wa kwetu Rorya, kijana alijengewa kibanda chake ndani ya boma, kinaitwa simba, na watoto wa kike walilala siwindhe, nyumba ya bibi, na bibi ndiye aliyewasimulia hadithi na kuwafunza ya dunia usiku. Pwani na Visiwani, mwari hafundwi na mama yake mzazi. Kuna somo, kuna kungwi. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye wengi tunamjua kwa taarabu, alikuwa pia kungwi, amepiga ngoma za unyago kwa wasichana wasiohesabika. Mama wa binti hukaa nje ya jambo hilo. Binti akiwa na la kuuliza anamuuliza somo, na somo anabaki kuwa mtu wake hata baada ya kuolewa. Tuseme ukweli, mambo mengi ya binti zetu wa Pwani yamejulikana na somo kabla ya kujulikana na mama, na mengine mama hakuyajua hadi anaingia kaburini.

Ukiziweka hizi zote pamoja unaona kitu kimoja. Kila mtoto alikuwa na mtu mzima wa kumjua, na kwa makusudi kabisa mtu huyo hakuwa baba wala mama.

Vijiji vile vya Rungwe vimekwisha. Havikuuawa na shetani wala na televisheni. Viliuawa na kahawa na chai, pamoja na dhahabu. Wamisionari walikuwepo tangu 1891, Wamoravian pale Rungwe na Waberlin jirani yao, lakini vijiji vya rika viliendelea pamoja nao. Kilichobadilisha mambo ni ardhi. Kijiji cha wavulana kinahitaji eneo jipya kila kizazi, na ndiyo maana kulikuwa na sherehe kubwa ya ubusoka, kila miaka thelathini na kitu, ambapo wazee waliwaachia vijana utawala na ardhi ikagawanywa upya. Mgomba na mahindi unaweza kuviachia. Mkahawa unakaa miaka na miaka, aliyeupanda hataki kuuacha, anataka kumrithisha mwanawe. Philip Gulliver, mtafiti aliyekuja miaka ya 1950, aliandika juu ya ardhi ilivyobana na juu ya vijana waliokuwa wanaondoka kwa maelfu kwenda migodini. Kabla yake, miaka ya 1930, walikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Monica Wilson aliporudi 1955 akakuta mambo yameshaanza kugeuka.

Babu alikuwa katika kundi la mwisho mwisho. Kibanda alichojenga na wenzake kilipobomoka hakikujengwa kingine.

Kilichofuata ni shule. Hapa nitakwenda haraka, maana wengi mnaijua habari hii kutoka kwenye maisha yenu wenyewe. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 na sheria ya 1969 iliyoziweka shule za misheni chini ya serikali, sekondari ikawa chombo cha kujenga taifa. Mtoto wa Tukuyu alipelekwa Pwani, wa Bukoba akapelekwa Songea, wa Mtwara akaletwa Mbeya. Wachanganyike, wasahau makabila. Kwa taifa lilikuwa jambo kubwa, na mimi mwenyewe ni matunda yake, maana mama yangu ni Mzaramo. Lakini mzazi akabaki na nini? Alibaki na barua, na ripoti ya mwisho wa muhula.

Kuna tukio moja ambalo huwa nalifikiria kwa upande wa wazazi, upande ambao vitabu haviugusi. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mabango mengine yalisema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 akawaamuru warudi makwao. Sisi watu wa magazeti tunapenda ile ya mshahara. Mimi hujiuliza juu ya yule mzazi kijijini, ambaye mwanawe ndiye msomi wa kwanza wa ukoo, anamwona anashuka kwenye gari katikati ya muhula na sanduku lake. Amemsomesha, amemwombea, amejisifu kwake kanisani. Na hana habari yoyote kwamba mwanawe ana maoni juu ya serikali.

Baba yangu aliingia kidato cha kwanza 1983 katika shule ya bweni mkoa wa Pwani. Alipanda TAZARA Mbeya na waranti ya serikali mfukoni, na kwa miaka minne alirudi nyumbani mara chache zinazohesabika. Barua zake babu bado anazo, ziko kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Nimezisoma zote safari hii. Zote zinaanza kwa namna moja, kwamba yeye mwandishi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwa wale walio mbali naye. Kumi na tisa, zote mzima wa afya. Nikampelekea baba ile ya Mei 1984. Akaitazama sana. Akasema, "Hii niliandikia wodini. Nilikuwa na malaria, wiki ya tatu ile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema angefanya nini? Angeuza ng'ombe aje. Wangepona yeye na ng'ombe?" Kisha akanyamaza, na nadhani wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, yule aliyekuwa chumba cha pili amejifunika shuka mpaka kichwani.

Hata hivyo baba hakuwa peke yake kule. Kulikuwa na mwalimu wa bweni, Mchaga fulani, ambaye aliwajua wavulana mia moja na kitu kwa majina na kwa makosa yao. Ndiye aliyembeba kwenda hospitali. Kwenye ripoti ya muhula ule, kwenye nafasi ya tabia, aliandika neno moja tu: nzuri. Babu alilisoma neno hilo akaridhika. Mwalimu alijua zaidi ya hapo, lakini alijua kwa niaba ya babu, na hilo lilitosha.

Kizazi changu kimepata namna nyingine. Mpango wa MMES ulianza 2004, na kuanzia 2006, kwa msukumo wa Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, zikajengwa shule za kata kila kona. Watoto ambao wasingeiona sekondari wakaiona, na mimi siwezi kuzisema vibaya. Lakini kata zetu nyingine ni kubwa kama wilaya za watu. Shule ya kutwa iko kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani, mabweni hakuna. Mzazi anafanya nini? Anampangia mtoto chumba karibu na shule. Geto. Mtoto wa miaka kumi na nne ana chumba chake, godoro, jiko la mkaa au mafuta ya taa, debe la mahindi kutoka nyumbani. Nimeandika habari za mageto haya nikiwa mikoani, na kila mara habari ilikuwa ile ile: mimba za wasichana. Kichwa cha habari kinajiandika chenyewe, mkuu wa wilaya anatoa tamko, tunarudi mjini.

Safari hii, nikiwa nimekaa na babu, ndipo nilipoliona geto kwa jicho jingine. Geto ni kile kibanda chake! Wavulana watatu, kibanda kibovu, wazazi hawajui wanalala saa ngapi. Kila kitu kimerudi isipokuwa sahani. Hakuna mama wa zamu. Mtoto anajipikia, analala na njaa akiishiwa, na mwenye nyumba anachojua juu yake ni tarehe ya kodi. Serikali na wafadhili wamejenga hosteli, hasa za wasichana, na zinasaidia. Lakini mageto yapo, na sidhani kama kuna baba anayelala usingizi mzuri akiwa na binti huko.

Halafu ikaja simu. Ya mkononi iliingia nchini 1994, ikiwa kitu cha wakubwa wa Dar. Baada ya 2000 bei zikashuka, minara ikapanda milimani, na tangu 2008 unaweza kumtumia mtoto hela kwa M-Pesa akiwa popote. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu mzazi wa Tukuyu anaweza kumsikia mwanawe wa Dar kila siku. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka kwenye tovuti, baba anaweza kuyaona kabla mtoto hajanawa uso. Ungedhani sasa tumefika, mzazi anajua kila kitu.

Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti ambao nadhani kila mzazi mwenye bando angeusoma. Waliwauliza vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mzazi anayejua mambo ya mwanawe ni yule anayefuatilia, anayeuliza na kuweka masharti. Wao wakatenganisha: mzazi anajua kwa kuuliza, kwa kudhibiti, au kwa sababu mtoto amesema mwenyewe? Jibu lilikuja kwamba sehemu kubwa ya kile wazazi wanachokijua kinatokana na mtoto kuamua kusema. Kuuliza na kudhibiti kulichangia kidogo.

Sweden si Rungwe, na vijana wao wana vyumba vyao wenyewe na baiskeli. Lakini jibu la swali la mama yangu liko pale. Alikuwa anapata kila siku kile ambacho dogo aliamua kumpa. Ile simu ya saa mbili ilikuwa ni barua ya baba ya 1984, mzima wa afya, ila sasa inaandikwa kila siku.

Kwenye barua za baba kulikuwa na mwalimu upande wa pili. Upande wa pili wa simu ya mama alipaswa kuwepo nani? Chuo hakiwezi kumpigia mzazi, mwanafunzi wa miaka 21 ni mtu mzima kisheria, na mimi nakubaliana na sheria hiyo. Mwenye nyumba kule Mbagala hajui hata jina lake la ukoo. Nilipaswa kuwepo mimi. Na nilikuwepo, nikajua, nikakaa kimya. Nilijiambia naheshimu siri ya mdogo wangu. Labda ilikuwa hivyo. Labda pia nilikuwa naogopa mzigo wa kuwa mtu anayejua, maana ukishajua unatakiwa ufanye kitu.

Na wazazi walijuaje mwishowe? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kuna mama mmoja jirani yetu, ana duka la nguo Tukuyu, hushuka Kariakoo kufuata mzigo. Mwezi wa sita yuko Mtaa wa Kongo, kijana anamrukia: "Karibu mama, nguo za watoto, bei ya jumla, njoo nikuonyeshe." Wakatazamana. Mama yule amemlisha dogo tangu hajaota meno ya utotoni, walikuwa wanaingia kwake kundi zima wakitoka kucheza mpira. Hakumpigia kelele, wala hakuchukua simu. Alimwambia, "Haya, nipeleke." Akanunua mzigo wake wote kupitia kwake, akapunguziwa bei, akamuuliza kama amekula, akamnunulia chipsi. Akapanda basi. Kesho yake jioni alikuwa jikoni kwa mama.

Mama alilia kwanza, halafu akauliza amekonda?

Baba bado ana hasira ya ile ada, na ana haki. Dogo ameahidi kuilipa na ameshaanza, kidogo kidogo. Kuhusu chuo hajaamua. Mimi baba alinitazama kikaoni akauliza, "Wewe ulijua?" Nikasema nilijua. Hakuongeza neno, na ningependa angeongeza.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga babu. Nilidhani ataniuliza kwa nini dogo alifeli, au kwa nini nilimficha baba. Aliniuliza, "Huko mjini, jioni alikuwa anakula kwa nani?"

Nikamwambia kila mtu anakula kwake. Mimi naishi Tabata, yeye Mbagala, foleni unaijua. Babu haijui foleni. Akauliza nilikwenda kwake mara ngapi tangu Januari. Mara mbili, babu. Akaitikia tu, mhm, akanipa mkungu wa ndizi niubebe.

Sasa dogo anakuja kwangu kila Jumapili jioni, hatujakubaliana rasmi, ameanza tu kuja. Jumapili iliyopita alikuja na mawinga wenzake wawili bila kuniarifu. Mmoja wao ametoka Rufiji, ana kikohozi ambacho sikukipenda. Wali haukutosha, nikasonga ugali.